Mkondo wa Namba Kitandani pa Mgonjwa: Kipi Kihifadhiwe na Kipi Kiachwe

Kifaa kidogo kinachobanwa kwenye kidole cha mgonjwa ili kupima oksijeni ya damu hakitoi namba moja tu. Kikitoa kipimo kimoja kila sekunde, kwa siku nzima hutoa vipimo 86,400, na vyote huonyeshwa kama namba kamili: 96, 95, 96, 97, na kuendelea. Mkondo huo haukomi wala haurudi nyuma. Hakuna muuguzi awezaye kuvisoma vipimo vyote hivyo, na kifaa chenyewe hakina sababu ya kuvikumbuka vyote. Kwa hiyo ndani yake lazima pawe na utaratibu unaoamua kipi kihifadhiwe, kipi kiachwe, na ni lini kengele ilie. Utaratibu wa kupanga namba katika kumbukumbu ili zitumike kwa urahisi ndio wataalamu wa kompyuta huuita muundo wa data.

Huenda jambo hili likaonekana kuwa la mafundi peke yao. Hata hivyo, uamuzi unaofanywa katika muundo huo ndio unaoamua kama mtoto anayeishiwa oksijeni atagunduliwa sasa au baadaye, na kama kengele ikilia wahudumu wataiamini au wataipuuza. Aidha, muundo uleule hutumika katika chati ya karatasi wodini na katika daftari la presha la mgonjwa aliyeko nyumbani. Kwa sababu hiyo, inafaa mhudumu wa afya na mgonjwa wauelewe.

Namba zinakotoka

Kifaa cha kidoleni hupitisha aina mbili za mwanga katika kidole: mwanga mwekundu, na mwanga wa infraredi usioonekana kwa macho. Damu iliyobeba oksijeni hufyonza mianga hiyo kwa uwiano ulio tofauti na damu isiyo na oksijeni. Kwa kufuatilia mapigo ya mshipa, kifaa hukokotoa ni asilimia ngapi ya himoglobini imebeba oksijeni. Misingi ya njia hii ilibuniwa na mhandisi Mjapani, Takuo Aoyagi, aliyeiwasilisha mwaka 1974.

Kwa watoto wanaoishi mahali pasipozidi mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, Shirika la Afya Duniani linapendekeza tiba ya oksijeni kipimo kinapokuwa chini ya asilimia 90. Mpaka huo ndio utakaotumika katika mifano yote ya makala hii. Swali linalobaki ni hili: kipimo kipi kiwe chini ya 90? Kimoja tu? Wastani wa vipimo kadhaa? Au vingapi kwa mfululizo?

Kwa nini wastani wa vipimo vyote haufai

Njia nyepesi kuliko zote ni kuhifadhi namba mbili tu, yaani jumla ya vipimo vyote tangu mgonjwa alipofungiwa kifaa na idadi ya vipimo hivyo. Kila kipimo kipya kinapofika, jumla huongezwa, idadi huongezwa moja, kisha jumla hugawanywa kwa idadi. Kumbukumbu inayohitajika ni ndogo mno na hesabu ni rahisi.

Hata hivyo, njia hii ni ya hatari kitandani pa mgonjwa. Chukulia mtoto aliyekaa saa nzima akiwa na kipimo cha 96 kila sekunde. Hivyo ni vipimo 3,600. Kisha njia yake ya hewa ikaziba, na kwa dakika nzima kipimo kikawa 80. Wastani wa vipimo vyote 3,660 ni 95.7. Kioo cha mashine kingeonyesha 96 huku mtoto akiwa amekaa dakika nzima katika upungufu mkubwa wa oksijeni. Namba nyingi za zamani zimeimeza ile dakika moja yenye maana kuliko zote. Kadiri mgonjwa anavyokaa kwenye mashine kwa muda mrefu, ndivyo wastani wa namna hii unavyozidi kuwa mzito kuhama.

Funzo la kwanza ni kwamba muundo wa kumfuatilia mgonjwa lazima ujue kusahau.

Dirisha la vipimo vitano

Kusahau kwa utaratibu hufanywa kwa kutumia dirisha. Dirisha ni idadi maalumu ya vipimo vya mwisho, na vyote vilivyotangulia huachwa. Picha yake inaweza kuwa benchi la kliniki lenye nafasi tano. Anapofika mtu wa sita, aliyetangulia kuketi huondoka ili kumpisha. Aliyekuja kwanza ndiye anayeondoka kwanza, kama ilivyo desturi ya foleni.

Muundo wenyewe una sehemu nne: visanduku vitano vya kuwekea vipimo, alama inayoonyesha kisanduku kitakachofuata kuandikwa, idadi ya visanduku vilivyokwisha kujazwa, na jumla ya vipimo vilivyomo. Kipimo kipya kinapoingia, muundo hutazama kisanduku chenye alama. Kama kina namba ya zamani, namba hiyo hutolewa kwenye jumla. Namba mpya huandikwa mahali pake na kuongezwa kwenye jumla, kisha alama husogezwa kwenye kisanduku kinachofuata. Ikifika kisanduku cha tano, hurudi cha kwanza. Hakuna namba inayohamishwa kutoka kisanduku kimoja hadi kingine. Kinachozunguka ni alama peke yake.

Kwa mfano, vipimo vitano vya kwanza ni 96, 95, 96, 70 na 95. Jumla yake ni 452, na wastani ni 90.4. Kipimo cha sita kikiwa 94, muundo hauna haja ya kujumlisha upya namba zote. Hutoa 96 ya kwanza na kuongeza 94, jumla ikawa 450 na wastani 90. Ni kutoa mara moja na kujumlisha mara moja, iwe dirisha lina vipimo vitano au mia tano. Kabla visanduku havijajaa, jumla hugawanywa kwa idadi ya vipimo vilivyopo, si kwa tano, la sivyo wastani wa mwanzo utakuwa mdogo kwa uongo.

Kipimo kimoja kibaya na kushuka kwa kweli

Katika mfano huo, kipimo cha 70 kilijitokeza katikati ya vipimo vya 95 na 96. Oksijeni ya mtoto haishuki kutoka 96 hadi 70 na kurudi 95 ndani ya sekunde mbili. Kinachoelekea zaidi ni kwamba mtoto alitikisa mkono. Kengele inayotegemea kipimo kimoja ingelia bure. Wastani wa dirisha haukuliza kengele, lakini uliponea chupuchupu: namba moja mbovu iliushusha hadi 90.4.

Ipo njia nyingine ya kulisoma dirisha lilelile, nayo ni kutafuta namba ya katikati. Vipimo hupangwa kuanzia kidogo hadi kikubwa: 70, 95, 95, 96, 96. Namba ya katikati ni 95, na ndiyo inayoeleza hali ya mtoto kwa ukweli zaidi. Namba moja ya ajabu, hata iwe ndogo kiasi gani, haina nguvu ya kuiburuta namba ya katikati. Gharama yake ni kwamba vipimo lazima vipangwe upya kila kipya kinapoingia. Kwa dirisha la vipimo vitano hiyo si kazi kubwa. Kwa dirisha la maelfu, huhitaji muundo wa hali ya juu zaidi.

Sasa chukulia mtoto mwenye nimonia ambaye oksijeni yake inashuka kwa kweli: 93, 93, 92, 91, 89, 88, 87, 86. Kipimo cha kwanza kilicho chini ya 90 ni cha tano. Wakati huo wastani wa dirisha ni 91.6. Kwenye kipimo cha sita wastani ni 90.6. Ni kwenye kipimo cha saba tu ndipo unapofika 89.4 na kengele kulia. Namba ya katikati nayo huvuka mpaka kwenye kipimo hichohicho cha saba. Dirisha limeituliza kengele ya uongo, lakini kengele ya kweli nayo imecheleweshwa kwa vipimo viwili.

Haya mawili hayatenganishiki. Dirisha refu hupunguza kelele na kuongeza kuchelewa. Dirisha fupi huharakisha onyo na kuongeza kelele. Katika mashine nyingi za wodini muda wa wastani unaweza kubadilishwa, mara nyingi kati ya sekunde 2 na 16. Kwa hiyo mashine mbili zilizofungwa kwa mgonjwa mmoja zinaweza kuonyesha namba tofauti bila hata moja kuwa mbovu.

Kihesabio cha mfululizo

Muundo mwepesi zaidi hauhifadhi vipimo kabisa. Huhifadhi namba moja tu, yaani kihesabio. Kipimo kikiwa chini ya 90, kihesabio huongezwa moja. Kikiwa 90 au zaidi, kihesabio hurudi sifuri. Kihesabio kikifika tatu, kengele hulia. Katika mfano wa mtoto mwenye nimonia, vipimo 89, 88 na 87 vingeliza kengele kwenye kipimo cha saba, sawasawa na dirisha. Kipimo kimoja cha 70 kilichosababishwa na mkono kutikiswa kisingeliza chochote.

Hata hivyo, muundo huu una udhaifu wake. Vipimo vikija kwa mpangilio wa 88, 88, 91, 88, 88, 90, kihesabio hufika mbili, hurudi sifuri, hufika mbili tena, kisha hurudi sifuri. Mgonjwa yuko chini ya mpaka karibu muda wote, na kengele iko kimya. Dawa yake ni kuuliza swali tofauti kidogo: kati ya vipimo vitano vya mwisho, vingapi viko chini ya 90? Katika vitano vya kwanza jibu ni vinne, na hilo linatosha kumwita mhudumu.

Ukimya wa kengele una madhara, lakini kelele zake nazo zina madhara. Nchini Marekani, taasisi ya Joint Commission inayokagua ubora wa hospitali ilipokea taarifa za matukio 98 yanayohusu kengele za mashine kati ya Januari 2009 na Juni 2012. Katika matukio hayo, wagonjwa 80 walifariki. Miongoni mwa sababu zilizoorodheshwa ni wahudumu kuchoshwa na kengele, hata kuzipunguza sauti au kuzizima. Mhudumu anayesikia mamia ya kengele kwa zamu moja, nyingi zikiwa za bure, huacha kuziitikia bila hata kukusudia. Hilo si suala la uvivu. Ndivyo akili ya binadamu inavyofanya kazi.

Dirisha huhesabu vipimo, mgonjwa huishi kwa saa

Kuchelewa kwa vipimo viwili ni kitu gani? Mashine ikipima kila sekunde, ni sekunde mbili, na hakuna wa kulalamika. Lakini wodi nyingi hazina mashine kwa kila kitanda. Muuguzi hupita na kifaa kimoja na kuandika kwenye chati kila baada ya saa nne. Kuchelewa kwa vipimo viwili hapo ni saa nane. Mtoto mwenye nimonia hana saa nane za kusubiri.

Kwa hiyo kanuni iliyo salama kwenye mashine inaweza kuwa ya hatari kwenye karatasi, ingawa hesabu ni ileile. Pale ambapo vipimo vinapishana kwa saa, kipimo kimoja kilicho chini ya mpaka hakipaswi kusubiri wenzake wafike kwa ratiba. Mhudumu anapaswa kukirudia papo hapo: aupashe mkono joto, amtulize mtoto, ahamishie kifaa kwenye kidole kingine, kisha apime tena. Kufanya hivyo ni kujaza dirisha kwa dakika mbili badala ya saa nane. Kipimo cha pili kikithibitisha cha kwanza, hatua huchukuliwa mara moja. Tena, mtoto asiyeweza kunyonya, anayekoroma kwa shida ya kupumua, au ambaye ulimi umegeuka rangi ya buluu, hahitaji kusubiriwa namba yoyote.

Kipimo kilichokosekana

Muundo wowote huharibika ukilishwa namba zisizo za kweli. Kifaa kikichomoka kidoleni na mashine ikaandika sifuri, vipimo 96, 95, 0, 96, 95 hutoa wastani wa 76.4 kwa mgonjwa asiye na tatizo. Kosa la upande wa pili ni kurudia kipimo cha mwisho kana kwamba kifaa bado kimefungwa. Mgonjwa anaweza kuzidiwa huku kioo kikiendelea kuonyesha 96. Muundo mzuri hutofautisha kati ya namba na kukosekana kwa namba. Nafasi hubaki wazi, na onyo tofauti hutolewa kwamba hakuna kipimo.

Kanuni hiyohiyo inahusu chati ya karatasi. Kisanduku ambacho mgonjwa hakupimwa kiachwe wazi na sababu iandikwe. Kukijaza kwa kukisia, au kwa kunakili namba ya zamu iliyopita, ni kuwanyima wahudumu wa zamu inayofuata njia ya kuona mabadiliko.

Yapo pia makosa ambayo hakuna dirisha linaloweza kuyasahihisha, kwa sababu yamo katika kila kipimo. Mikono baridi, rangi ya kucha na hina nyeusi vinaweza kuvuruga usomaji wa mwanga. Utafiti uliochapishwa nchini Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba upungufu wa oksijeni uliokosa kuonekana kwenye kifaa cha kidoleni ulitokea karibu mara tatu zaidi kwa wagonjwa weusi kuliko weupe. Wastani wa vipimo vitano vilivyopotoka upande mmoja hubaki kuwa umepotoka. Kwa hiyo mgonjwa anayehema kwa shida huku kifaa kikionyesha 93 asiambiwe kwamba yuko salama kwa sababu ya namba hiyo.

Dirisha la nyumbani na dirisha la mwilini

Mgonjwa wa shinikizo la juu la damu anayejipima nyumbani naye anashughulika na mkondo wa namba. Miongozo ya Ulaya na Uingereza inashauri apime asubuhi na jioni, mara mbili kila wakati kwa kupumzika dakika moja katikati, ikiwezekana kwa siku saba. Vipimo vya siku ya kwanza huachwa, kwa kuwa mara nyingi huwa juu kutokana na ugeni wa zoezi lenyewe. Siku sita zilizobaki hutoa vipimo 24, na wastani wake ndio unaozingatiwa. Wastani wa 135 kwa 85 au zaidi huashiria shinikizo la juu.

Hilo ni dirisha kamili, lenye kanuni ya kipi kihifadhiwe na kipi kiachwe. Mgonjwa anayeandika vipimo vizuri pekee na kuficha vibaya huipotosha tiba yake mwenyewe, na anayeongeza dawa kwa sababu ya kipimo kimoja cha juu hufanya kosa lilelile kwa upande wa pili. Dirisha hili pia lina mlango wa dharura. Kipimo kinachofika 180 kwa 120 pamoja na maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, kuchanganyikiwa au udhaifu wa upande mmoja wa mwili si cha kuwekwa kwenye wastani. Ni cha kumpeleka mgonjwa hospitali.

Mwili wenyewe una dirisha lake. Sukari iliyomo kwenye damu hujishikiza kwenye himoglobini ya chembe nyekundu, nazo huishi takribani siku 120. Kipimo cha HbA1c hutumia ukweli huo kuonyesha hali ya sukari kwa muda wa miezi miwili hadi mitatu, na mwezi wa mwisho ndio wenye uzito mkubwa zaidi. Lakini kwa mgonjwa wa selimundu chembe nyekundu hufa mapema. Dirisha lake limefupishwa na maradhi, na majibu yanaweza kuonekana mazuri kuliko hali halisi. Daktari asiyejua urefu wa dirisha anaweza kuyaamini majibu yasiyostahili kuaminiwa.

Mambo ya kuuliza

Mashine mpya inapofika wodini, wahudumu wanapaswa kumuuliza fundi maswali machache kabla haijafungwa kwa mgonjwa wa kwanza. Namba iliyoko kwenye kioo ni wastani wa sekunde ngapi? Kengele hulia baada ya kipimo kimoja, au baada ya kushuka kudumu kwa muda gani? Kifaa kikichomoka kidoleni, kioo huonyesha nini? Je, mipangilio hiyo ni ya mtu mzima au ya mtoto, na nani ana ruhusa ya kuibadilisha? Majibu yaandikwe na kubandikwa kwenye mashine, ili zamu zote ziyasome kwa namna moja.

Mgonjwa naye anayo haki ya kuuliza na wajibu wa kuandika. Anapoambiwa presha yake iko juu, anaweza kuuliza kama hukumu hiyo imetokana na kipimo kimoja au na vipimo vya siku kadhaa. Anapokwenda kliniki, achukue daftari lake lote pamoja na tarehe na saa za kila kipimo, vikiwemo vile ambavyo hakuvipenda.